Mume nyuma, mke mbele: uchambuzi wa kisa cha kayaki moja Kilifi

Sisi tunaoongozana na wageni kwenye hori ya Kilifi, ule mkono wa bahari unaoingia bara, tuna msemo unaorudiwa kila wikendi: ukitaka kuijua ndoa ya watu, wape kayaki ya viti viwili. Hata waongozaji wenzetu wa Ulaya na Marekani huiita boti ya talaka, na wageni hucheka wakisikia. Mimi msemo huo siupendi. Unawafanya watu waliokosana kwa muda mfupi majini waamini kwamba bahari imewafunulia siri ya nyumba yao, kumbe kilichowagombanisha ni mpangilio wa viti, mkondo wa maji, na kazi ambayo haikugawanywa. Kisa ninachokieleza hapa nilikishuhudia mwezi wa Agosti nikiwa kwenye kayaki ya pili, na wenyewe wameniruhusu kukiandika bila kuwataja.

Walikuwa mume na mke kutoka Nakuru, wameoana zaidi ya miaka kumi, wana duka la vifaa vya ujenzi wanaloliendesha pamoja. Waliandamana na mdogo wake mke, kijana wa chuo. Mume alishawahi kupiga kafi kidogo Naivasha. Mke hajawahi, na maji ya kina yanamtia wasiwasi. Tulipofika kwenye boti hakuna aliyeuliza nani akae wapi. Mume alishika kiti cha nyuma, mke akapanda mbele, kijana akaja kwangu. Wenyewe hawakuona kwamba hapo palikuwa na uamuzi wowote.

Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu, maji ni ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Huku pwani ya Kenya, bamvua likikaza, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3, na maji yote yaliyoingia ndani ya hori mpaka kule kwenye mikoko sharti yatoke kupitia shingo nyembamba iliyo chini ya daraja la barabara ya Mombasa na Malindi. Yalikuwa yamejaa alfajiri. Saa mbili na nusu asubuhi, tulipoingia, yalikuwa katikati ya kupwa, na hapo ndipo mkondo unapovuta kwa nguvu zaidi. Kusi nayo ilishaanza kuvuma kutoka baharini. Maji yanatoka, upepo unaingia: vikikutana hufanya viwimbi vifupi vilivyosimama, vinavyoigonga boti huku na huku. Kwa mtu aliyevaa jaketi la kuokoa maisha na mwenye mwongozaji karibu si hatari, ila maji ya namna hiyo hayasamehi uzembe.

Tulikusudia kuvuka kutoka upande wa mjini hadi ng'ambo ya Mnarani. Pale huvuki kwa kuelekeza omo, yaani ncha ya mbele ya boti, kule unakokwenda. Unaanzia juu, ndani zaidi ya hori, unaielekeza omo upande mkondo unakotoka, imeinama kidogo kuelekea ng'ambo, kisha unapiga kafi bila haraka, na maji yenyewe yanakusogeza kwa ubavu mpaka ufuo wa pili. Kinachotakiwa ni boti ibaki kwenye pembe ileile. Nilieleza hayo ufukweni, nikachora na kwenye mchanga, wote wakaitikia.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Mke alipiga kafi kwa tahadhari, akichovya kidogo na kutoa upesi. Mume alivuta kwa mikono mirefu, kwa mwendo wake mwenyewe. Haukupita muda makafi yakaanza kugongana. Kutoka kwenye boti yetu tuliisikia ile sauti ya plastiki, ko, ko, na kila ikilia mke aligeuza shingo. Mara za kwanza mume hakusema kitu. Kisha akaanza: "Twende pamoja, mama watoto." Pamoja kwa kasi ya nani, hakusema.

Upepo ukaisukuma omo, ikaanza kuangukia kushoto. Mume akapaza sauti, "Kulia! Kulia!" Mke akazamisha kafi upande wa kulia, akavuta kwa nguvu zake zote. Kayaki hukimbia upande ule ambao hukuupiga. Kwa kupiga kulia alizidi kuitupa omo kushoto.

"Nimesema kulia!"

"Si ndiyo napiga kulia!"

Wote wawili walisema kweli. Mmoja alitaka boti iende kulia, mwingine alisikia kafi lipigwe kulia. Mume akaamua kurekebisha mwenyewe, akapiga pigo moja refu kushoto, lililoanzia ubavuni likazunguka hadi tezi, nyuma kabisa ya boti. Boti ikageuka kuliko alivyotaka. Mke, alipoiona omo inakimbilia kulia kwa ghafla, akapiga kulia kuizuia. Ikarudi kushoto. Wakawa wanakwenda mrama, na kila walipokaa ubavu mkondo uliwashusha hatua kadhaa kuelekea darajani. Yule kijana akaniambia chini chini, "Shemeji ameshaanza kukasirika." Nikamwambia amtazame dada yake. Kila baada ya mapigo matatu manne alikuwa anaangalia nyuma, na kila akiangalia nyuma kafi lilisimama hewani na mabega yake yakaiinamisha boti.

Mwishowe mume akasema lile neno ambalo wenye ndoa wote tunalijua: "Wewe husikilizi."

Mke akalilaza kafi juu ya mapaja, akatazama mbele, akanyamaza. Alisusa.

Na kayaki ikanyooka.

Kwangu mimi kisa kizima kiko hapo. Mara tu mke alipoacha, boti ilishika pembe yake na kutulia. Mume alipiga peke yake, kushoto, kulia, kushoto, na omo haikuyumba tena. Yeyote aliyekuwa akitazama kutoka ufukweni angesema ushahidi umepatikana, tatizo ni yule wa mbele. Mume aliamini hivyo. Baadaye mke aliniambia kwamba hata yeye aliamini hivyo, na ndiyo maana hakulishika tena kafi mpaka tunafika. Lakini boti ilinyooka kwa sababu sasa anayeirekebisha alikuwa mtu mmoja. Dakika chache kabla, kila kosa lilikuwa linasahihishwa mara mbili, na kila usahihisho wa pili ulizaa kosa jipya upande wa pili. Ungemwondoa yeyote kati yao kwenye kazi ya kugeuza, huo mrama ungeisha.

Tena unyoofu huo waliulipia. Mtu mmoja akivuta uzito wa watu wawili dhidi ya maji ya bamvua hawezi kushindana nayo. Walikwenda wamenyooka huku wanashuka. Tulipita chini ya kivuli cha daraja, ufuo tuliokusudia tukiwa tumeshauacha nyuma, tukaegesha kwenye kipande cha mchanga ng'ambo, chini zaidi. Hakuna aliyeumia wala kulowa kupita kawaida. Ila mume na mke walishuka kila mmoja kwa upande wake, na mdogo mtu akajifanya ana shughuli na chupa za maji.

Nani alikuwa na makosa?

Nianze na makafi kugongana, maana ndilo jambo la kwanza watu hulaumiana na ndilo rahisi kulihukumu. Makafi yakigongana kwenye kayaki ya watu wawili, wa kulaumiwa ni wa nyuma. Yeye ndiye anayemwona mwenzake. Wa mbele haoni ila maji. Hawezi kujua kafi la nyuma liko juu au chini. Kwenye mashindano ya kayaki ya watu wawili, ambayo yamo katika Olimpiki tangu 1936, wa mbele ndiye huweka mapigo na wa nyuma humfuata, hata kama wa nyuma ana nguvu zaidi. Kwa hiyo mume aliposema "twende pamoja" alikuwa anamwomba mke kazi isiyowezekana kutoka kwenye kile kiti. Mke hakuijua kanuni hiyo, akadhani kweli anachelewa, na kwa kudhani hivyo akaanza kugeuza shingo amtafute mwenzake. Kugeuza shingo kukaiyumbisha boti. Mume akaona boti inayumba na mke anashangaa nyuma. Kila alichokiona kilikuwa kweli, ila alikiona kuanzia katikati.

Kosa la mke lilionekana lote, la mume halikuonekana hata kidogo. Aliye nyuma ana mgongo wa mwenzake mbele ya macho yake safari nzima: kila pigo lililochelewa, kila kafi lililoingia vibaya, kila pumziko. Aliye mbele anapata sauti tu, nayo nusu imechukuliwa na upepo. Mkae hivyo hata watu wanaopendana sana, baada ya muda mmoja atakuwa na orodha ya makosa na mwingine atakuwa na hisia ya kusimamiwa. Ukimwuliza wa nyuma atakwambia alikuwa anasaidia, na atakuwa anasema kweli.

Suala la kugeuza boti ni tofauti, na hapo namtetea mume. Boti inayokwenda mbele huzunguka kwenye nukta iliyo karibu zaidi na omo, kwa hiyo pigo la tezi lina nguvu ya kugeuza kuliko pigo la mbele. Usukani ni wa nyuma kwa haki. Isitoshe yeye ndiye mzito kati yao. Angekaa mbele, omo ingezama na boti ingekuwa ngumu kuongozwa. Wale wanaosema dawa ni kupokezana viti tu wanasahau kwamba maji hayajui usawa wa mume na mke. Kosa la mume lilikuwa kuushika usukani na pia kuyadai mapigo. Na hata usukani wenyewe hakuushika kwa mkono, aliutoa kwa mdomo. Majini amri hufika imechelewa. Boti huendelea kugeuka baada ya kafi kutoka majini, hivyo mpaka uone kosa, useme, mwenzako asikie, aelewe, apige, kinachohitajika kimeshakuwa kinyume cha ulichosema.

Kuna jambo kwenye chombo chenyewe ambalo sisi tunaofanya kazi hii tungepaswa kulisema zaidi. Katika mtumbwi wa mashindano wa watu wawili, kila mtu ana kafi la bapa moja na upande wake. Ndugu pacha wa Slovakia, Pavol na Peter Hochschorner, walichukua dhahabu ya Olimpiki kwenye mtumbwi wa namna hiyo katika maji ya kasi mara tatu mfululizo, Sydney 2000, Athens 2004 na Beijing 2008, kisha shaba London 2012. Wamezaliwa siku moja, na bado kila mmoja alikuwa na upande wake wa kupiga. Kayaki ni kinyume. Kafi lina bapa huku na huku, kwa hiyo kila aliyekaa anaweza kupiga kulia, kushoto, kusukuma, kugeuza, kuzuia. Kila mmoja ana zana ya kuiendesha boti nzima peke yake. Hakuna kinachomlazimisha kumwachia mwenzake jambo lolote, isipokuwa makubaliano, na haya makubaliano hawakuwa nayo.

Siku hiyohiyo, mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akitengeneza wavu pale ufuoni alisikia habari yetu akasema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Namheshimu, lakini kwa kisa hiki naona methali inafika nusu ya njia. Nahodha alikuwa mmoja, na mke hakuwahi kutaka unahodha. Kilichokosekana ni cheo cha yule wa omo. Watazame wavuvi wetu wa Takaungu wakitoka wawili kwenye mtumbwi wakati maji yamepwa: wa mbele kasimama na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, anatazama miamba, anasukuma anapoona panafaa, wa nyuma ana kafi la kuongozea. Wa nyuma hamfundishi wa mbele kushika upondo. Wakikaribia mwamba anayesema ni wa mbele, na wa nyuma anatii bila kuuliza, hata akiwa ndiye baba. Mke wa Nakuru alikaa omo kama abiria aliyepewa kafi.

Tulikaa ufuoni kusubiri maji yatulie. Niliomba tujaribu kitu pale penye maji ya magoti. Mke nikamweka na mdogo wake, mke mbele, kijana nyuma. Mume nikamchukua mimi, nikamkalisha mbele.

Boti ya ndugu wawili ilikwenda vibaya vilevile. Makafi yaligongana, omo ilitangatanga, mara moja walizunguka duara zima. Tofauti ni kwamba kila ilipogonga walicheka, na kijana akasema, "Dada, leo utanitoa meno." Hakuna aliyehesabu. Mume alikuwa akiwatazama, nikamwona anataka kusema kitu kisha akaacha. Sidhani jibu ni kwamba kaka na dada wanapatana kuliko mume na mke. Kijana hana deni lolote na yale maji, hakuna atakayemwuliza kwa nini dada yake hakufika ng'ambo. Mume alikuwa amejitwika jukumu la kumvusha mke mwenye wasiwasi wa maji, mbele ya shemeji yake na mbele ya mgeni, na kila omo ilipoanguka aliona anashindwa kazi hiyo. Hasira yake nyingi ilikuwa hofu. Ningependa wake wajue hilo. Ningependa zaidi waume walijue wenyewe kabla ya kufungua mdomo.

Kwenye boti yangu naye alikuwa anageuza shingo. Mtu aliyeongea njia nzima akiwa nyuma, sasa aliniuliza mara kwa mara, "Niko sawa? Naenda sana?" Sikumjibu kwa makusudi. Baada ya kimya hicho akasema polepole, "Kumbe huku mbele huoni mtu." Hakuongeza neno, nami sikumwongezea.

Turudi kwa mke, maana kususa kwake nako kuna la kusema. Wengi wangemhesabia kosa, na ni kweli kwamba pale chini ya daraja tulihitaji mikono minne. Lakini kusema "nimeacha" kwa mdomo kungempa mume nafasi ya kujua ana mikono mingapi. Alipolaza kafi kimya, mume hakujua kama amechoka, ameogopa au amekasirika, akachagua tafsiri iliyomwuma zaidi. Nilimweleza mke hivyo pale pale, akanijibu kwamba kila alichokisema tangu asubuhi kilikuwa kimejibiwa kwa "kulia", basi angesema nini tena. Sikuwa na jibu la hilo, na mpaka leo naona alikuwa na haki.

Karibu saa tano na nusu maji yakasimama. Walirudi wamekaa vilevile, mume nyuma na mke mbele, ila sasa mapigo ni ya mke, usukani ni wa mume, na maneno ya mume yakawa ya kasi tu, si ya pande: akitaka nguvu atasema "vuta", akitaka boti apewe mwenyewe atasema "pumzika". Mke naye akipumzika atatamka. Hawakuvuka kwa raha yote. Katikati mke alisimamisha kafi kufuta maji ya chumvi machoni, akasahau kusema, mume akauliza "Vipi tena?" kwa ile sauti ya asubuhi, wakakaa kimya kwa muda. Kisha mke akasema, "Pumzika," kwa kuchelewa, na mume akasema, "Sawa, nimeelewa." Wakaendelea. Mwendo wa mke ulikuwa wa polepole kuliko mume alivyopenda, ilikuwa inaonekana kwenye mabega yake, lakini alimfuata mpaka ufuoni na makafi yaligongana mara chache sana.

Wiki kadhaa baadaye mke alinipigia kuuliza habari za Desemba, na katika mazungumzo akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Walipokuwa barabarani kurudi Nakuru, mume akiendesha, alijisikia mwenyewe akisema punguza, lori hilo, shika kushoto, punguza. "Nikanyamaza," akasema. "Nikaona kwenye gari mimi ndiye wa nyuma." Mume hakuwa amemwambia kitu. Kwa hiyo tabia ile ya kuelekeza haikuwa ya mume peke yake wala haikuwa ya ndoa yao hasa. Inamwangukia yeyote anayeona hatari bila kuwa na kazi ya kuizuia kwa mkono wake.

Tangu kisa hicho, kabla ya wawili hawajaingia maji ya kina, namwomba anayetaka kiti cha nyuma akae kwanza mbele, pale penye maji ya magoti, na mwenzake nyuma, kwa dakika chache, bila kusemeshana. Wengine hukataa, hasa waume walio mbele ya wakwe au marafiki, nami siwalazimishi. Hao nawapa kayaki mbili za mtu mmoja mmoja kwa bei ileile, na siku za bamvua nawangojesha ufukweni mpaka maji yakaribie kusimama.